Maganda ya Kahawa mu Plafond, na Diplôme ya Rébecca

Mushauri mupendwa, mimi ni Kavuo wa Bulengera, hapa Butembo, naleta kwako jambo yenye inanikaa ku roho, juu mwaka wa 2018 Ebola ilinikamata kule Mangina na batu yote bakakimbia nyumba yangu, ila jirani yangu Rébecca, yeye alichukua batoto yangu babili akabachunga mpaka nikatoka ku centre ya matunzo ya Ebola muzima, na hakuniomba hata sabuni. Donc wakati vita ilimufukuza kule Mangina, sisi tukiisha kuhamia hapa Butembo, akaenda kupanga chumba kimoja kidogo Beni, mu commune ya Ruwenzori, nilifurahi sana kumuchungia valise ya bikwembe, nguo zake, na diplôme yake, nikaviweka mu plafond, pale juu chini ya mabati, na kule bwana yangu Lusenge alikuwa ametandaza maganda ya kahawa yenye usine, kiwanda ya kahawa, inatupa bure, juu ya kuzuia baridi na kelele ya mvua ku mabati, na kweli nyumba ikapata joto. Jana Rébecca amepiga simu, masomo moja, shule ya kule, inamuita afundishe, anakuja samedi, Jumamosi hii, kuchukua diplôme. Nimepanda kuangalia: panya bamezaa ndani ya bikwembe, diplôme imelowa, kona moja imeliwa, numéro tu njo inasomeka. Na yeye kila simu ananiambia, "Aksanti dada, umenichungia." Lusenge anasema tuseme bezi baliingia. Nifanye nini?

Mama Orpa anajibu:

Mama Kavuo, aksanti kwa kuandika mbele ya kudanganya. Mwizi gani anaiba kona ya diplôme na kuacha ingine? Lusenge anyamaze kidogo.

Maganda ya kahawa ni bure, ni kweli, ila inakunywa unyevu, panya anafanya mule kitanda, na cheche moja ya courant ya umeme inaweza kuchoma nyumba. Mutoe yote leo. Ku quincaillerie, duka ya vyombo vya kujengea, muombe laine de verre, ile pamba ya kioo. Kama hamuiwezi, mupige triplex, ile mbao nyembamba, ya pili, muache upepo upite chini ya mabati na mufunge matundu na grillage, wavu ya chuma. Bitu ya kubaki juu iingie mu malle, sanduku ya chuma, ikae ku mbao nene za paa, hapana ku triplex. Karatasi hapana kupanda kule hata siku moja: mu plastiki, mu armoire, kabati ya nguo.

Sasa Rébecca. Usingoje samedi. Mupigie simu leo, sema yote, na panya pia. Kisha uende naye ku bureau ya diplôme, na ile numéro, muombe ingine. Transport ni yako. Atakasirika, umuache akasirike. Akimaliza, umwambie aksanti juu ya bale batoto. Nimesoma barua yako mara mbili, sijaona fasi ulimwambia ile aksanti.