Kumbukumbu ya Mfalme Asahori, Aliyengoja Kaburi Mwaka Mzima

Mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya kiangazi ulipolisukuma kando bakuli la uji wa mchele, ukageukia ukutani, na pumzi ikakatika. Jana ndipo ulipozikwa.

Baba Kusawake, mume wangu, ulikuwa mfalme wa Yamato yote, lakini samaki wa mtoni uliwachambulia wanao miiba kwa mkono wako, mawaziri wakisubiri mlangoni. Bwawa la Mizose ulilichimba ukiwa topeni pamoja na wachimbaji. Ulipokasirika ulinyamaza. Ulipocheka, farasi walishtuka zizini.

Kabla hujafa ulimtaja Kusawake, mwana wetu, kuwa mrithi wako, ukamwita mdogo wako ashuhudie. Hata hapo ulitania. "Homuki, wewe hata kuku wako wanakukimbia. Utaweza kumtunza kijana wangu?"

Alicheka huku analia. "Kaka, pumzika. Huyu ni mwanangu kama alivyo wako." Aliapa, na sote tulisikia.

Desturi unaijua: mke na watoto hufungiwa na mwili katika nyumba ya maombolezo mpaka kaburi likamilike. Anayetoka kabla ya hapo amemkana marehemu. Tuliingia. Homuki akashika usimamizi wa kaburi.

Lilitakiwa liishe kabla ya mavuno. Akaja nje ya ukuta. "Shemeji, kilima cha kaburi ni kidogo. Kaka yangu azikwe kama nani? Naongeza." Baada ya mavuno akaongeza mfereji wa pili wa maji wa kuzunguka kaburi. Kisha sanamu za udongo, kuzunguka kilima chote. "Ninyi lieni tu, shemeji. Ya nje niachieni mimi."

Kila alipokuja tulimshukuru. Binti yako Itohi alisema hajaona mtu anayempenda kaka yake hivyo.

Mwezi wa kupanda mpunga, mpishi aliyetuletea chakula ndiye aliyetuambia: Homuki amejenga ikulu mpya Sakurae, amekabidhiwa kioo na upanga, alama za ufalme, na wakuu wa koo wamempigia magoti.

Itohi alimsukuma kaka yake. "Toka basi! Unangoja nini humu?"

"Nikitoka," Kusawake akajibu, "watasema nilimwacha baba nikakimbilia kiti."

Hakutoka.

Jana mlango ulifunguliwa. Mbele ya jeneza lako mzee wa ibada alitamka majina ya wafalme kwa mfuatano wao. Baada ya lako likafuata la Homuki. Homuki akamshika Kusawake bega, watu wote wakitazama. "Mwanangu, hakuna aliyemlinda baba yako kama wewe. Basi endelea hivyo hivyo." Akamwonyesha kibanda kando ya mfereji.

Hutatutoka moyoni: mkeo Takuhime, binti yako Itohi, na Kusawake, mrithi uliyemtaja kwa kinywa chako, tangu jana mlinzi wa kaburi lako.