Fomu ya Sitini na Tatu

3 Machi

Binti yangu mpendwa,

Salamu zikufikie huko kwenye majedwali yako. Sisi huku wazima, mimi mwenyewe sina neno ila uzee tu, nao si ugonjwa. Wewe je? Unakula, au bado chakula chako ni chai na karatasi?

Nina jambo moja. Muuguzi anayezunguka nyumba kwa nyumba kutuona sisi vikongwe ametuaga, Juni ndio mwisho wake. Anasema kuna ripoti ya takwimu iliyosema wanawake wazee wa mtaa huu hali zao ni nzuri, kwa hiyo anahamishwa. Nani kaandika upuuzi huo? Ulizia hapo ofisini kwenu, umkaripie kwa niaba yangu.

Mama yako

12 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nakula, usihofu, na kikohozi kimeisha.

Nimeulizia. Ni mimi. Jedwali lile nimelichora kwa mkono wangu, na mkuu wangu akanisifu. Karani wetu aliwafikia wanawake wote sitini na tatu wa hapo mtaani waliopita miaka sitini na mitano, akawauliza hali zao zikoje. Hamsini na wanane walijibu nzuri. Nimezirudia hesabu na sioni kosa, lakini najua muuguzi yule hapandi ngazi zenu kwa matembezi. Naona aibu, mama. Kosa liko wapi?

Bintiyo

20 Machi

Mwanangu,

Salamu. Hatujambo. Nimecheka mpaka jirani yangu, yule mwalimu mstaafu ninayemwita Miwani, akaja kuuliza kulikoni.

Karani wenu alisimama mlangoni na kalamu yake, akauliza, "Bibi, hali yako ikoje?" Alitegemea nini? Tangu lini mtu mzima akaulizwa hali na mgeni akasema mbaya? Hata aliyelala kitandani hajigeuzi husema nzuri kwanza, ndipo aombe maji. Nami nilisema nzuri. Mlihesabu maamkizi, mwanangu.

Nimeshona sare za shule miaka arobaini, na sijapata kumuuliza mteja kama ni mnene au mwembamba. Nilishika futi nikapima. Basi msiulize hali. Ulizeni jana ilikuwaje. Tena karani akae chini kwanza.

Mama yako

4 Aprili

Mama,

Shikamoo, na Mwalimu Miwani mpe shikamoo yake. Nimebishana na mkuu wangu wiki nzima. Mwisho amekubali tuhesabu upya, na ninyi wawili muwe makarani, maana hakuna anayeijua milango ile kama ninyi. Ametoa sharti moja: wawe wote sitini na tatu, wale wale. Akikosekana hata mmoja hataipeleka kwenye kikao cha tarehe thelathini Mei, na muuguzi ataondoka.

Maswali ni manne. Jana ulikula mara ngapi, na ulikula na nani? Maji alichota nani? Tangu Januari umeanguka mara ngapi? Ulipoanguka, nani alikuinua? Msiandike majina, andikeni namba tu.

Bintiyo

6 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Fomu hizo hapo kwenye bahasha. Miguu imevimba lakini kazi tumeimaliza.

Mwenye duka la mkaa alisema ana miaka hamsini na mitano. Nikamwambia, "Dada, sisi tulikuwa darasa moja, unataka kunizeesha peke yangu?" Wengine walikaza kwamba hawajambo. Nikawaambia mficha uchi hazai, na sisi tumeshamaliza kuzaa, tunamficha nani? Hapo wakafunguka. Mmoja amefunga kamba kutoka kitandani hadi mlangoni, anatembea nayo. Nimemjua miaka thelathini, na ile kamba sikuwahi kuiona. Nimeona haya.

Mama yako

13 Mei

Mama,

Shikamoo. Wameanguka thelathini na mmoja. Kumi na tisa kati yao hawakuinuliwa na mtu. 

Lakini fomu ni sitini na mbili. Nimezihesabu mara tatu. Nawe kwa miaka yako umo kwenye wale sitini na tatu. Ninyi wawili mmeingia kila nyumba isipokuwa moja. Mama, siku zote umesema mficha maradhi kifo humuumbua. Naogopa jibu lako, ila nalitaka. Mwache Mwalimu akuulize.

Bintiyo

21 Mei

Mwanangu,

Nilikuwa nimekasirika, ndiyo maana nimechelewa. Mwalimu Miwani alikuja jana, akavaa miwani, akaniuliza maswali kana kwamba hanijui. Nakutumia alivyoandika.

Jana alikula mara moja, peke yake. Maji huchotewa na mpangaji wa juu, asipokuwepo hukaa bila. Ameanguka mara tatu. Mara mbili alijiinua kwa kushika cherehani. Mara ya tatu alishindwa, akakaa sakafuni tangu saa tano asubuhi hadi saa kumi, muuguzi alipobisha.

Sikukwambia kwa sababu ungeacha kazi uje. Basi ipeleke. Ukija kabla ya tarehe thelathini sikufungulii.

Mama yako

30 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Muuguzi anabaki, na ataongezewa mwenzake.

Mwenyekiti wa kikao aliuliza kama hesabu hizi ni za watu kweli. Nikampa fomu moja aisome kwa sauti. Alipomaliza namba sitini na tatu alivua miwani akauliza, "Huyu bibi hana watoto?" Nikasema anaye mmoja.

Barua hii naituma kwa dereva wa gari la usiku; mimi naja kesho na gari la asubuhi, na likizo ya mwezi mzima. Nitabisha mara moja tu, kisha nitasubiri. Usiharakishe kuinuka.

Bintiyo