Dole Gumba Kwenye Barua Yako

Mke wangu mpenzi Mama Neema,

Pokea salamu zangu kutoka huku Dar es Salaam. Mwili ni mzima, moyo ndio ulikuwa unaumwa. Wewe na Neema hamjambo? Mvua imeanza huko Itigi?

Barua hii nimempa dada yangu Anastazia, anakuja na treni. Akusomee yeye, si Elia. Ile niliyotuma kwa posta wiki iliyopita ikifika, ichome. Nakuomba usimpelekee Elia akusomee, maana humo nimemtukana yeye, na wewe pia.

Sikiliza kilichonipata. Najua hujui kuandika, na Elia ndiye anayekuandikia pale dukani kwake. Lakini tangu biashara iwe huria ana redio, ana mitumba, ana vitenge vya kila rangi, na barua zako zimeanza kuwa tamu mno. "Nakuota kila nikilala." Hayo ni maneno yako au yake? Wivu ukanishika. Nikaichukua barua hadi ofisini, huku tunakotambua wezi kwa alama za vidole, nikaipaka ule unga wetu mweusi. Dole gumba lako nililijua mara moja, lile ulilogonga chini kwa wino, lenye kovu la mundu. Lakini kila mahali limejaa dole la mwanamume! Mara sita. Moja limelala juu ya lako kabisa. Siku hiyohiyo nikaandika yale matusi.

Juzi nikamwonyesha mkuu wangu, mzee mmoja mpole. Akatazama kwa kioo cha kukuzia, akasema, "Hebu lete mkono." Akanipaka wino, akalinganisha, akacheka mpaka akakohoa.

"Mwizi tumempata, bwana. Ni wewe. Barua hii umeishika mara ngapi?"

Nikaikunja barua, nikairudisha mfukoni. Naishika kila siku.

Hata hivyo sijapoa, Mama Neema. Mbona la Elia halionekani hata moja? Mkuu anasema mikono mikavu mara nyingine haiachi alama. Mimi nasema mtu mwangalifu kiasi hicho ni wa kuangaliwa.

Mfikishie mama yako shikamoo yangu. Kaka yako mrina asali mwambie dumu lilifika salama.

Kwa Elia usiende tena. Chukua karatasi tupu, gonga dole lako, nitumie. Hiyo nitaisoma mwenyewe.

Mumeo mwenye wivu,
Baba Neema