Kikohozi cha Mlangoni

Mama watoto, Mama mzazi wangu, na nyie watoto,

Chakula cha mbwa kiko kwenye sufuria iliyofunikwa. Fungeni mlango wa uani, la sivyo mbwa huyo, Tingatinga, ataangusha tena nguo za jirani.

Haya. Asubuhi nilirudi kuchukua futikamba, maana seremala bila futikamba ni mpiga ramli. Siku zote nikifika mlangoni nakohoa kwanza, kwa heshima yenu, msije mkashtuka. Leo mdomo ulikuwa umejaa mkate, sikukohoa. Nikalikuta jitu lile, nusu ndama nusu sijui nini, limejinyoosha kwenye kiti changu! Kiti nilichokiranda kwa mikono yangu, nikakataza mbwa asikikaribie! Mama unamkuna sikio. Mama watoto unampepea.

Nikameza, nikakohoa. Tingatinga akaruka chini kama askari, akajilaza mkekani, akafumba macho.

Kumbe mmemfundisha! Miaka yote mimi natoa adabu, nyie mnasikia king'ora. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

~~Kuanzia leo alale nje.~~ Mawingu yametanda. Alale ndani, lakini SAKAFUNI.

Nilipotoka, nyie mlibaki mnacheka. Yeye peke yake ndiye aliyenisindikiza hadi getini, mkia chini.

Jioni nitakohoa kama kawaida. Ila jueni namkoholea yeye, si nyie.

Baba