Siku Mama Aliponifungia Nje

Mabawa, Jumamosi. Mvua haijakatika tangu alasiri. Nimelowa chepechepe na wala sijali.

Tangu nimlete mama kutoka Mwera kuja kukaa nami, ananiita "binti." Chai nikimpa ananishukuru kwa adabu zote, kisha anauliza, "Mwanangu Zuhura atakuja lini?" Mwanzoni nilimbishia. Mama, Zuhura ndiye mimi. Ananitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye ninayeweweseka mchana. Siku nyingine naingia jikoni, nalia, najifuta, narudi na vikombe. Inauma, jamani. Mtu akuzae, kisha akungoje na wewe umekaa mbele yake.

Leo mvua ilipoanza nikakimbilia nguo uani. Kugeuka, mlango umetiwa komeo. Mama kanifungia nje.

Nikapiga hodi nyumbani kwangu mwenyewe.

"Nani?"

"Mimi Zuhura, mama. Nifungulie."

Komeo likavutwa upesi. "Zuhura! Umefika, mwanangu?"

Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku ananipapasa uso na kunifuta maji kwa pindo la kanga yake. Akauliza habari za safari. Nikamwambia njema tu. Safari yenyewe ya kutoka kwenye kamba ya nguo.

Tukakaa, mkono wangu ndani ya mkono wake. Siku zote nimejiuliza hii "sasa" ni kitu gani. Ukiitamka tu, imeshapita. Mimi nusu yangu iko jana, nusu inahangaika na kesho, na katikati sijui nani amebaki. Mama hana jana ya kumsumbua wala kesho ya kumtisha. Furaha yake yote ilikuwa palepale, kwenye uso wangu uliolowa, haikubakizwa hata kidogo. Sijapata kupokewa vile na kiumbe yeyote.

Subhanallah. Niliogopa hata kusogea.

Lakini alikuwa anatetemeka kwa baridi ya nguo zangu, nikaenda kumchemshia chai ya tangawizi. Niliporudi akaipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, binti. Huko nje hujamwona mwanangu?"

Nikangoja yale maumivu yangu ya kila siku. Yalikuja kidogo, yakakaa pembeni. Nilichokuwa nakiona mbele yangu ni mama anayengoja, na furaha yake yote haijaguswa bado.

"Ngoja nikamtazame, mama," nikamwambia.

Nikavaa ndala, nikatoka mvuani, nikaurudisha mlango taratibu. Kisha nikapiga hodi.