Foleni ya Mpakani Imekwisha

3 Februari

Kaka Taratibu,

Salamu nyingi. Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha au bado mnasafiri pamoja? Mimi mzima, ni goti tu linanisumbua asubuhi. Barua hii nimempa mwenzako wa lori la saruji, maana kupiga simu upande wenu ni kuichoma vocha hivihivi, wakati geti lenyewe nalifikia kwa jiwe.

Habari ndiyo hii: lile jengo la mpakani limekwisha kujengwa. Maafisa wenu na wetu watakaa chumba kimoja, dereva atagongewa muhuri mara moja tu, basi, twende. Wanasema nchi zetu sasa zimeungana kibiashara, ushuru mmoja, karatasi moja. Juzi kaja afisa na tai yake, akatuuliza sisi wauzaji wa hapa tunauonaje muungano. Nikamwambia, kwenye benchi langu tulishaungana zamani, nyie ndio mmechelewa. Akacheka, akaandika.

Lakini kaka, nikuambie ukweli. Mimi naishi kwa foleni. Dereva akilala hapa siku tatu atakula, atakunywa, ataoga kwa maji yangu. Akipita kwa nusu saa, atakula saa ngapi? Na ile nafasi yako karibu na jiko, nani ataikalia?

Dada yako wa chai,
Mama Birika


19 Februari

Dada yangu Mama Birika,

Salamu zimefika, nazirudisha na nyongeza. Kikohozi kimeniacha kwa talaka tatu. Pole ya goti nakupa, lakini pole ya foleni sikupi ng'o! Dada, mimi nabeba nyanya. Miaka yote hii nakaa pale nazinusa zikioza chini ya turubai, huku afisa wa kwenu anaandika kilekile alichokwisha kuandika wa kwetu. Nikifika sokoni, nusu ya mzigo ni rojo. Acha waungane, bwana.

Usihofu. Lori lipite haraka au polepole, chai itanywewa, na mnywaji wa kwanza ni mimi.

Kaka yako wa barabara,
Taratibu


6 Mei

Kaka,

Hujambo. Mimi sijambo. Salamu za leo zimeishia hapo.

Nimekuona Jumamosi. Umepiga honi mara mbili, umepunga mkono, umepita. Wiki iliyotangulia hivyohivyo. Taratibu wa watu, aliyekuwa anaendesha lori kama amebeba mayai, siku hizi anapaa! Na hukuniambia wewe ndiye mnywaji wa kwanza?

Jana nimemwaga nusu birika. Mimi mjane, benchi tupu nimelizoea, ila nafasi yako inaniuma na sijui nimwambie nani. Basi kwa hasira nikaomba dua mbaya: wagombane hao waliopatana, geti lifungwe, foleni irudi. Nimesema, na sifuti.

Dada yako, kama bado unamkumbuka,
Mama Birika


2 Julai

Kaka Taratibu,

Habari za siku nyingi? Afya yako je? Hukunijibu, na kwa ulimi ule nilistahili.

Wamegombana. Serikali yenu imesema mayai yetu yana ugonjwa, yetu ikajibu mahindi yenu yana ukungu, wakafunga geti malori yasipite. Foleni kama hii sijapata kuiona. Nimeongeza birika la pili na bado watu wanagombea kukaa. Halafu yule wa saruji akanipigia simu kwamba wewe na yeye mmekwama upande wa pili, wewe na mzigo mzima wa nyanya, juani. Uwiii! Nimepata nilichoomba, na hakinipendezi hata kidogo. Naona kama nimeziozesha kwa mdomo wangu.

Ajabu ni hawa maafisa. Wakubwa wao wanatupiana maneno redioni, wao humo chumbani bado wako meza moja, wanamiminiana chai kutoka chupa moja. Wa kwenu ananiambia, "Mama, tukianza kununiana na sisi, siku wakubwa wakipatana nani atawafungulia?" Sisi wengine haturuhusiwi kuvuka, yeye anaruhusiwa, ndiye anayekuletea barua hii na mkate. Kula, usijifanye umeshiba.

Dada yako mwenye mdomo,
Mama Birika


10 Julai

Mama Birika,

Salamu kutoka kwenye foleni. Hapa nilipo nauona moshi wa jiko lako. Mkate nimeumaliza peke yangu, sikumpa mtu. Nyanya nimewagawia watu zikiwa bado nzima. Acha kujilaumu, dua yako ingekuwa na nguvu hivyo goti lingeshapona.

Sasa sikiliza. Ni kweli bosi ananihesabia muda, lakini kikombe kimoja hakimkasirishi. Sikusimama kwa sababu niliona haya. Zamani foleni ndiyo iliyonisimamisha, nakaa benchini siku tatu na hakuna wa kuniuliza nimefuata nini. Sasa nikisimama na barabara iko wazi, hata mbwa wa getini atajua. Na mimi tangu mama watoto afariki sijamwambia mwanamke neno zaidi ya "ongeza sukari". Basi nikawa napiga honi kama mjinga.

Wamepatana. Madaktari wa mifugo wa pande zote wameyakagua mayai pamoja, mahindi yamepimwa mbele ya wote, kila mmoja kameza kiburi kidogo. Wameandikiana kwamba asifunge mtu geti kabla hajamwita mwenzake mezani. Nimeipenda hiyo. Mimi nilikufungia kwa kunyamaza, na sirudii tena.

Jumatatu wanafungua. Nitasimama.

Hapa nilitaka kuandika "kaka yako", kalamu imegoma.

Taratibu


14 Julai

Taratibu,

Hujambo? Nakuuliza na vumbi la lori lako bado halijatulia.

Kwanza, maafisa wamenipa chumba cha nyuma humohumo ndani ya jengo, chai ya nchi zote mbili niipike mimi. Foleni sina haja nayo tena.

Sasa njoo wewe. Saa kumi jioni malori yote yalikuwa yamepita, barabara nyeupe. Ukasimama. Ukazima na injini! Nikamimina chai nje ya kikombe. Ukakaa pale pako, ukanywa vikombe vitatu, ukanisimulia matairi. Kisha ukaja kwenye dizeli. Kisha ukaisifia sukari, na chai yenyewe nilisahau kuitia sukari. Ukainuka, ukavaa kofia, ukaivua, ukaivaa tena, ukasema, "Haya, Mama Birika," ukaondoka. Jamani! Serikali mbili zenye mawaziri zimepatana kabla yako.

Nimecheka peke yangu mpaka goti limeuma. Nina furaha, nakuambia waziwazi. Wa saruji kachelewa, ndiyo kwanza anafika nyuma yako, nimemwambia akukimbize na barua hii. Jibu ni ndiyo. Swali ulilete mwenyewe ukirudi Alhamisi, na usipige honi.

Asiye dada yako,
Mama Birika