Pipa la Maharage na Kipimo Chako

Mjukuu wangu Paskali,

Huku Endamarariek tu wazima, na ng'ombe wa mama yako kazaa jike. Unauliza kwa nini namba ya kipima oksijeni chako haishuki hata ukikipitishia gesi isiyo na oksijeni, mpaka bosi anataka kukitupa. Mimi najua mapipa tu. Mama yangu aliwasha mshumaa juu ya maharage, akafunika pipa na kuziba kwa nta, ili fukusi wakose hewa. Mwaka mmoja hawakufa. Tulitafuta tundu, wapi! Kumbe baba yangu alikuwa akifunua kila asubuhi kuchungulia kama wamekufa, kisha anaziba tena vizuri kabisa.

Sasa niambie, Paskali: hiyo mipira inayopeleka gesi kwenye kipimo, unaifungua mara ngapi kuangalia kama inavuja?

Bibi yako